Nina laki tatu, nataka darubini ya kuwindia. Nichukue ipi?

MwanaMbagala

Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu mdogo ni mwindaji wa siku nyingi. Ana bunduki yake, na msimu ukifunguliwa yeye na wenzake wanakata leseni ya wenyeji TAWA (mamlaka ya wanyamapori). Mwaka huu amekubali niende nao mwezi wa nane. Sitapiga. Kazi yangu ni kubeba, kupika na kutazama. Sharti lake ni moja: nije na darubini yangu, maana ya kwake haazimishi mtu hata awe nani. Tunapita Nangurukuru tunaingia upande wa Liwale, miombo mitupu na mbuga za majani hapa na pale. Leseni ni ya swala pala dume, kongoni mmoja na kanga.

Jana nimeshinda Kariakoo, nimeanzia Msimbazi nikaishia Aggrey. Nimeonyeshwa nne:

Ya kwanza ndogo ya kukunja, inaingia mfukoni, imeandikwa 30x60 na kwamba inaona usiku na mchana. Elfu 45. Muuzaji ananiambia ukisimama Kigamboni unahesabu watu Zanzibar.

Ya pili 10x50, nyeusi, nzito, vioo vya mbele vyekundu vinang'aa kweli kweli. Laki na 60.

Ya tatu ni ya zoom, kutoka 10 mpaka 30, ina kikono cha kuvutia pembeni. Laki mbili na 20.

Ya nne 8x42, jina lake silijui, haina mbwembwe yoyote. Laki mbili na 70. Hii muuzaji hata hakuhangaika kuisifia, aliniletea kwa sababu niliionyesha kwa kidole.

Bajeti yangu ni laki tatu, nikijibana sana laki tatu na nusu. Kichwani naona ya zoom ndiyo inafanya kazi zote. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Kidume_Tandika

Mara 30 kwa elfu 45, unatafuta nini tena mkuu? Chukua, chenji unywe soda.

FundiLenzi_Kko

Huyo wa Tandika anatania, natumaini.

Mwana, mimi ni fundi wa kamera, nipo Kariakoo tangu enzi za filamu. Julai ikifika huwa nafunga kibanda nakwenda kutafuta kanga, na nikialikwa kwenye kundi lenye leseni ya swala siwezi kukataa. Kwa hiyo darubini nazijua mezani zikiwa wazi na nazijua porini zikiwa shingoni. Nitakuandikia kwa urefu, vumilia.

Anza na zile namba. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wote wanatazama ile ya kwanza. Mimi nakuomba ufanye hesabu ya darasa la nne: gawanya ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata 5 na robo. 50 kwa 10 unapata 5. 60 kwa 30 unapata 2. Hiyo ndiyo milimita ya duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako.

Sasa mboni ya jicho lako. Saa sita mchana pale Aggrey jua linawaka, mboni imejibana ina milimita mbili au tatu hivi. Duara la milimita mbili linatosha, kwa hiyo darubini yoyote ya hovyo utaiona safi. Alfajiri mboni inafunguka, kijana kama wewe inaweza kufika 7, mzee kama mimi ikifika 5 nashukuru. Ukiiwekea duara la milimita mbili unaona giza lenye vivuli. Na duka linafungua saa tatu asubuhi, wakati swala anatoka malishoni saa kumi na mbili. Hapo ndipo pesa za watu zinapotea.

Tena huku kwetu mwanga hauna subira. Jua likizama, ndani ya dakika 20 na kidogo giza limeshika. Wazungu wanaoandika vitabu vya uwindaji wana jioni ya saa nzima. Sisi tuna robo saa ya maana asubuhi na robo saa jioni, na kuwinda usiku kwa taa ni kosa, kwa hiyo hiyo robo saa unaitaka yote.

Hayo nimesema kama vile hiyo 30x60 ni 30x60. Siyo. Nenda nayo nje ya duka, chukua rula ya shule. Pima kioo cha mbele. Halafu ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze angani (siyo kwenye jua, tafadhali), utaona viduara viwili vyeupe kwenye vioo vya nyuma. Pima kiduara kimoja. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa upana wa kiduara, jibu ndilo inavyovuta kweli. Rula haina biashara na mtu.

Na hata kama ingevuta 30 kweli, ungeishikaje? Kila mtikisiko wa mkono unakuzwa sawasawa na mnyama. Mara 10 ndiyo mwisho wa mkono wa kawaida, na ukiwa umetoka kupanda kilima unahema, hata 10 inacheza. Mara 8 inatulia. Na 8 inakupa eneo pana zaidi, kama mita 130 za upana ukitazama umbali wa kilometa moja, wakati 10 nyingi zinakupa mia na kitu. Kwenye miombo huoni mbali hivyo hata kidogo, miti inakukata kwenye mita 100, 150. Shida ya miombo ni kumpata mnyama ndani ya fito. Kumvuta ni rahisi ukishampata.

Ya zoom achana nayo. Ukiwa kwenye 10 unaona kama unachungulia kwenye bomba, ukienda 30 giza na mtikisiko. Ndani kuna vioo vinavyotembea pande zote mbili na vinatakiwa vitembee sawa sawa kila mara. Vikipishana kidogo tu, kila jicho linaona picha yake na kichwa kinauma. Za aina hiyo zimenilipia ada za watoto, kwa hiyo sizisemi vibaya sana.

Ile ya vioo vyekundu. Huo wekundu unaouona ni mwanga uliorudishwa nje. Mwanga uliorudishwa haukuingia. Kinachokufikia jichoni kimepungukiwa na nyekundu, picha inakuwa ya kibuluu kibuluu, baridi, na kongoni ambaye rangi yake ni ya kahawia nyekundu anafifia kwenye nyasi kavu. Ule urembo ni wa kumpendeza mnunuzi. Kioo kizuri ukikitazama kwa mbele kinaonekana cheusi, kina kijani au zambarau ya mbali sana. Simama chini ya taa ya tyubu ya dukani, tazama taswira ya tyubu ndani ya kioo: ikiwa nyeupe kali, kioo hakina kotingi, yaani lile tabaka jembamba la kupunguza mwanga unaorudi nje. Ikiwa hafifu yenye rangi, kina kotingi.

Ndani kuna prizimu, ndizo zinazogeuza picha isimame wima. Kuna aina mbili. Zile darubini zenye mabega, mbele pana nyuma nyembamba, zina prizimu za Porro, jina la Mwitaliano aliyezisajili mwaka 1854. Zile zilizonyooka kama bomba mbili zina prizimu za paa. Za paa ni nyembamba, nyepesi, na ni rahisi kuziziba maji yasiingie, lakini zinataka kukatwa kwa usahihi mkubwa na kupakwa kotingi ya ziada, na hayo yote ni gharama. Kwa hiyo pesa ikiwa ndogo, Porro ya bei hiyo hiyo mara nyingi inakupa picha nzuri zaidi. Watu wanaidharau kwa sababu ina sura ya zamani. Mimi ninayo na siiuzi.

Vile viduara vyeupe vitazame tena. Vikiwa mviringo kamili, prizimu ni za kioo kizuri, kwa kawaida wanaandika BAK4. Vikiwa vimekatwa pembeni, vina kivuli cha kijivu na umbo la almasi, ni BK7, na pembeni ya picha utapoteza mwanga.

La mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote kwa mtu wa laki tatu: ulinganifu wa mabomba mawili. Tazama kitu chenye mstari mlalo mbali kidogo, ukingo wa paa au waya wa umeme. Kisha iondoe darubini machoni polepole, kama shibiri moja hivi, uendelee kutazama mstari kwenye viduara vyote viwili. Mstari unatakiwa uwe kimo kimoja. Ukiwa juu kwa huku na chini kwa kule, rudisha. Dakika mbili dukani hutasikia kitu kwa sababu macho yanajilazimisha. Saa nzima juu ya kichuguu utatapika.

Kwa maneno yako mwenyewe, ya nne ndiyo naitaka uipime. Kutokusifiwa ni dalili njema, muuzaji hajui la kusema juu yake kwa sababu haina la ajabu. Lakini kabla ya hapo nijibu: unavaa miwani?

Kidume_Tandika

Mzee umeua. Ila swali la kweli sasa: bunduki ya baba mdogo si ina darubini yake juu? Kwa nini wasitazamie hiyo hiyo, dogo abaki na laki tatu zake?

MzeeWaMbuga

Kidume, hilo usilirudie mbele ya askari wanyamapori atakayekuwa nao. Ukimtazama kitu kwa darubini ya bunduki umekilenga. Porini huko kuna warina asali, kuna wachanja mbao, kuna watoto wanaotafuta ng'ombe. Kitu kinatikisika kwenye nyasi, hujui ni nini, unainua bunduki "utazame." Ni mtu. Darubini ya bunduki ni ya kumalizia kazi baada ya kujua unachokipiga, na umekijua kwa darubini ya mkononi.

Na leseni ya swala pala dume haisemi swala pala basi. Swala ni rahisi, dume ana pembe na jike hana, ila kuna madume wadogo wenye vijipembe vifupi katikati ya majike na lazima uwaone. Kongoni ni mtihani, maana dume na jike wote wana pembe. Hapo unatazama unene wa pembe pale zinapoanzia, unatazama shingo, unatazama chini ya tumbo. Kwa macho matupu mita 200 huwezi.

Fundi nakubaliana naye kwa sehemu. Mimi natumia 10x42 na siwezi kurudi 8. Nawinda mbugani zaidi, kwenye majani wazi, kundi liko mita 300 au 400, na hapo hiyo mbili ya ziada inakuonyesha pembe. Miombo sawa, 8. Lakini umesema mna mbuga pia.

Nyongeza: chochote utakachochukua, kisipande uzito sana. 10x50 ya Porro inakaribia kilo moja. Kwa mguu, kutoka alfajiri mpaka jua la saa nne, na kamba nyembamba ile ya dukani, utaiona shingo yako.

DadaKwembe

Naomba niingie, mimi siwindi, naongoza watazama ndege, msitu wa Pugu na huku pwani. Darubini iko machoni mwangu kuliko simu.

Kwa wenzangu wa ndege 8x42 ndiyo ya kawaida kabisa, na sababu ni ile ile ya Fundi: ndege yuko ndani ya majani, hakusubiri umtafute. Nadhani swala wa miombo naye ni hivyo.

Nataka kusema jambo la matumizi, maana naona wageni wananunua za gharama na hawaoni kitu. Usitazame chini kuitafuta darubini halafu uinue kichwa. Macho yabaki palepale kwa mnyama, mikono ndiyo ipandishe darubini mpaka ikutane na macho. Na polepole. Wanyama wanashtushwa na mwendo kabla ya umbo. Usitafute swala mzima, hutamwona. Tafuta sikio linalocheza, mkia, mguu mmoja, mstari mlalo wa mgongo mahali ambapo kila kitu kimesimama wima. Gawanya eneo, anza karibu uende mbali. Viwiko vibane mbavuni au egemea mti. Ukitazama upande wa jua, vioo vya mbele vinarudisha mng'ao na wanauona, kaa kivulini.

Kamba ya shingo itupe, nunua au shona mkanda wa mabegani wa kuvuka mgongoni. Fundi wa mabegi yeyote anakushonea.

Mimi nilijifunzia darubini ya baba, 8x30 ya Kirusi aliyorudi nayo alipokwenda kusoma enzi hizo. Chuma kitupu, kila kitu kinaonekana kama kimepakwa unjano kidogo, lakini ukali wa picha ungeshangaa. Nimeona za namna hiyo zikiuzwa Karume kwenye vitu vya mtumba. Fundi, unasemaje kuhusu mtumba? Kwa laki tatu si anaweza kupata kitu cha maana?

MwanaMbagala

Shikamoo mzee Fundi. Shikamoo Mzee wa Mbuga. Dada asante sana.

Nimerudi leo na rula ya mdogo wangu. Muuzaji wa kwanza aliponiona napima alicheka, alipoona naandika kwenye karatasi akaacha kucheka. Hiyo 30x60: kioo cha mbele milimita 22, kiduara kama 3. Inavuta 7 na kidogo! Nilimwonyesha, akasema "hiyo 30 ni modeli, siyo ukubwa." Sawa.

10x50 nyekundu: kiduara kimekatwa pembe nne kama alivyosema mzee, na chini ya tyubu picha ya taa ni nyekundu kali.

8x42: kiduara mviringo, milimita 5. Nikafurahi. Nikajaribu mstari kwa ukingo wa ghorofa la ng'ambo, mstari umepanda kushoto. Nimejaribu tena na tena, ni hivyo hivyo. Nikamwomba nyingine ya aina hiyo hiyo kutoka kwenye boksi, akaleta kwa kununa, ile iko sawa kabisa. Sijalipa bado, nimemwachia elfu 20 aniwekee mpaka Jumamosi.

Miwani ndiyo, navaa. Ya mbali. Nikitazama na miwani naona duara dogo katikati, kama tundu la funguo. Nikitoa miwani naona kote. Ni darubini mbovu au ni mimi?

Halafu kuna binamu yangu anarudi kutoka Dubai wiki mbili zijazo, anaweza kubeba kitu. Nimtume?

FundiLenzi_Kko

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, na hilo la kuomba nyingine kutoka kwenye boksi wengi hawalijui. Kwa bei hizi kiwanda hakikagui kila moja, kwa hiyo unayoipima ndiyo unayolipia na ndiyo unayoondoka nayo. Usikubali "nyingine ni sawa na hii."

Miwani. Darubini siyo mbovu na wewe huna shida. Kila darubini ina umbali ambao jicho linatakiwa kukaa nyuma ya kioo ili lione picha yote. Miwani inalirudisha jicho nyuma. Shusha zile pete za mpira za nyuma, nyingine zinazungushwa, nyingine zinakunjwa, uweke miwani igusane na pete. Ukiona picha yote sasa, imekwisha. Kama bado ni tundu la funguo, umbali wake ni mfupi. Mvaa miwani anatafuta milimita 15 na kuendelea, inaandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi.

Kama miwani yako ni ya kutoona mbali tu, unaweza kuivua ukatazama, gurudumu la kufokasi linafidia. Kama daktari alikuambia una astigmatizimu (jicho halikupinda sawa pande zote), gurudumu haliwezi kuirekebisha, baki na miwani. Ila fikiria na hili: umemwona kitu kwa miwani, unavua, unainua darubini, kitu kimeondoka. Mimi ningebaki nayo usoni.

Ukishainunua ipange kwa macho yako. Funga jicho la kulia, tazama kitu cha mbali kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka picha iwe kali. Kisha funga la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya kioo cha kulia mpaka picha iwe kali. Weka alama ya kalamu pale pete iliposimama. Baada ya hapo ni gurudumu tu maisha yote. Nusu ya darubini "mbovu" ninazoletewa hazina ugonjwa mwingine zaidi ya huo, na huwa sitozi.

Binamu wa Dubai: ukiweza kuongeza pesa, mtajie 8x42 za Celestron Nature DX au Vortex Crossfire HD. Zote ni za prizimu za paa na haziingizi maji. Hizo zitakupitisha bajeti, piga hesabu kwanza. Nikon Aculon 8x42 ni Porro, picha nzuri kwa pesa yake na mimi naipenda, ila haikuzibwa maji na umbali wake wa jicho ni mfupi, kwa mvaa miwani siyo. Akanunue duka lenye risiti na garantii. Feki za majina makubwa ziko Dubai kama zilivyo Aggrey. Kama hawezi kukaa nayo mlangoni akafanya jaribio la mstari, afadhali hiyo yako uliyoipima mwenyewe.

Dada Kwembe, mtumba. Hizo za Kirusi na za Wajerumani Mashariki ni vyuma vya heshima na nikiziona nasimama. Lakini Dar inaziua. Unyevu wa pwani hii unaingia ndani, joto linakaa, na fangasi anaota juu ya kioo. Mfuko wa ngozi ule mzuri ndio unaomlea, ngozi inashika unyevu. Ukienda Karume washa tochi ya simu, imulike kutoka kioo cha mbele, wewe chungulia kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, au ukungu wa maziwa, ujue ni wa kufungua yote. Fangasi akikaa sana anakula kotingi na hata ukisafisha alama inabaki. Tena za zamani nyingi zimewahi kuanguka, na kurudisha prizimu kwenye mstari ni kazi ya siku nzima, nitakutoza kuliko ulivyoinunua. Kwa mtu anayejua, mtumba ni sawa. Kwa Mwana, safari ya kwanza, hapana.

Na wewe Mwana hiyo yako usiifungie kabatini. Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu, viwe vingi. Ukirudi kutoka porini usifute kioo kwa shati, vumbi la Liwale ni mchanga, litachora. Puliza kwanza, brashi laini ya rangi, ndipo kitambaa cha miwani.

Mzee wa Mbuga, 10x42 sikupingi kwa mbuga. Lakini kijana atafika kwenye hiyo mbuga akiwa amechoka, mikono inatetemeka, baba mdogo anamnong'oneza "ni dume au jike?" Wewe una miaka ya mazoezi mkononi.

MzeeWaMbuga

Hapo sina ubishi. Akishapata misimu kadhaa atajua mwenyewe kama anataka 10.

MwanaMbagala

Nimeshusha zile pete kwa miwani, naona picha yote. Kwa hiyo Jumamosi nalipia 8x42, laki mbili na nusu badala ya 270, nimebembeleza. Iliyobaki nashonea mkanda wa dada. Mzee, kuna mahali pa kuijaribu jioni kabla ya safari? Mbagala kwetu ni mapaa tu.

FundiLenzi_Kko

Nenda Coco Beach saa kumi na mbili na robo. Tazama meli zilizotia nanga zinasubiri kuingia, jaribu kusoma jina la meli mpaka giza likushinde. Jaribu na ya rafiki yako pembeni kama anayo, ndipo utaona tofauti ya mwanga. Usielekeze upande wa kambi wala geti la bandari, wala usikae nayo Kivukoni karibu na Ikulu, utaeleza mpaka uchoke.

Jumamosi kabla hujalipa ipitishe kwangu niichungulie, sitachukua hata shilingi. Nipo mpaka saa nane, baada ya hapo nina harusi Temeke.

Kidume_Tandika

Mzee na mimi naleta ya kwangu. Nimeipima na rula. Sitaki kusema imetoka ngapi.